Mifupa Dhaifu, Ratiba Imejaa: Vidokezo 13 vya Kuishi na OI Ukubwani

Kama unasoma haya ukiwa umesimama kwenye foleni, omba kiti kwanza. Hicho ni kidokezo cha nyongeza, hakimo kwenye hesabu.

Umeketi? Haya. Makala hii ni yako wewe uliyezaliwa na OI, yaani osteojenesisi impafekta, ugonjwa wa kurithi unaofanya mifupa ivunjike kirahisi. Utotoni mambo yalikuwa na utaratibu wake: unavunjika, mama anakubeba, daktari wa watoto anakuita kwa jina, unafungwa hogo (plasta, kwa wasomaji wa Nairobi), wenzako darasani wanalichora maua. Kisha ukatimiza miaka 18, wodi ya watoto ikakuaga, na hakuna aliyekupa maelekezo ya sehemu ya pili. OI ya mtoto ina wenyewe. OI ya mtu mzima mwenye kazi, ndoa na mkopo wa kulipa, mara nyingi unaachiwa uisimamie mwenyewe.

Habari njema: kwa wengi, kuvunjika hupungua sana baada ya kubalehe. Habari ya pili si mbaya, ila inataka macho. Kolajeni, ile protini yenye hitilafu, haikai kwenye mifupa peke yake. Imo kwenye meno, ngozi, kano, hata kwenye milango ya moyo. Ndiyo maana vidokezo kadhaa hapa chini havihusu kuvunjika kabisa. Twende.

1. Itaje kwa jina na namba

Mwaka 1979 daktari wa Australia, David Sillence, na wenzake waliigawa OI katika aina nne, na hadi leo madaktari huanzia hapo hata kama orodha ya jeni imerefuka. Aina ya 1 ndiyo nyepesi: unaweza kuwa na urefu wa kawaida, macho yenye weupe wa rangi ya buluu, na historia ya kuvunjika ambayo majirani waliita utundu. Aina ya 3 ni kali, mifupa hupinda na wengi hutumia kiti cha magurudumu. Aina ya 4 iko katikati ya hizo mbili. Aina ya 2 huondoka na watoto wachanga, kwa hiyo wewe unayesoma haikuhusu.

OI humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000. Maana yake? Daktari utakayekutana naye Jumanne asubuhi huenda hajawahi kumwona mwingine. Usimnunie, msaidie. Ingia na sentensi moja: "Daktari, nina OI aina ya 4, tatizo langu ni kolajeni, si upungufu wa kalsiamu." Sekunde tano tu, na umejiokoa na hotuba ya nusu saa kuhusu kunywa maziwa.

2. Karatasi moja, kazi ya hospitali nzima

Iandike leo usiku wakati taarifa ya habari inaendelea. Aina yako ya OI, kundi la damu, dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru, upasuaji uliowahi kufanyiwa na chuma kimekaa mfupa gani, simu ya mtu wa karibu. Kisha mistari mitatu kwa herufi kubwa kwa ajili ya wauguzi: USINIVUTE MKONO WALA MGUU. PIMA PRESHA KWA KIPIMO CHA KUPAMPU KWA MKONO, TARATIBU. NIULIZE JINSI YA KUNINYANYUA.

Presha nayo inahusu nini? Inahusu sana. Kwa mwenye OI kali, ule mkanda wa mashine inayojijaza upepo yenyewe unaweza kubana hadi mfupa wa mkono ukavunjika. Hebu fikiria kuvunjwa mkono na kipimo cha presha! Hapo presha yenyewe lazima ipande.

Ongeza aya fupi kwa daktari wa usingizi: shingo yako isipinduliwe nyuma kwa nguvu, meno yako huenda yakakatika wakati wa kuingiza mpira wa hewa, unaweza kutokwa damu kuliko kawaida, na joto la mwili laweza kupanda wakati wa upasuaji. Piga picha karatasi hiyo na umtumie mwenzi wako au ndugu kwa WhatsApp. Nakala nyingine ikunje uiweke ndani ya kava la simu. Na zile filamu kubwa za eksirei zilizojikunja chini ya godoro? Zishike mbele ya mwanga wa dirisha, zipige picha moja moja, uandike mwaka. Siku daktari atakapouliza "huu ufa ni wa zamani au mpya?", wewe ndiye utakayekuwa na jibu.

3. Pamba si dawa, jongea

Najua umelelewa kwa "kaa hapo, usiguse, utavunjika". Walikupenda, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini mfupa usiobebeshwa uzito hudhoofika, na msuli usiotumika hauwezi kukukamata unapoteleza. Wiki sita za hogo huondoka na nguvu ambazo hukuwa nazo za kugawa. Mtu mzima mwenye OI anahitaji mazoezi kuliko jirani yake mwenye mifupa ya chuma.

Maji ndiyo rafiki namba moja, kwa sababu yanakubeba huku yanakupa upinzani. Si lazima ujue kuogelea: kutembea tu ndani ya maji yanayofika kifuani ni mazoezi kamili. Ukiwa pwani, nenda asubuhi bahari ikiwa imetulia, vaa viatu vya mpira kwa sababu mwani unateleza na mawe hayana huruma, na usiende peke yako.

Huna bahari wala bwawa? Unacho kiti. Chagua kisichotikisika, kiegemeze ukutani, keti, simama, keti tena taratibu. Mara kumi wakati maji ya ugali yanachemka. Ukitumia kiti cha magurudumu, nyanyua chupa ya maji ya nusu lita, mkono mmoja baada ya mwingine, kwa kadiri mtaalamu wa fiziotherapia alivyokuruhusu. Mtafute huyo mtaalamu hata mara moja kwa mwaka akupangie yako, maana yangu ni ya jumla.

Vya kuacha ni vichache: kuruka, michezo ya kugongana, kuzungusha kiuno huku umebeba kitu, na yale mazoezi ya tumbo ya kulala chali na kujikunja. Halafu ule mchezo wa kukunja kidole gumba hadi kigusane na mkono, uliowafurahisha wenzako shuleni. Ustaafishe. Viungo vinavyolegea vinaumia kimyakimya.

4. Siti ya nyuma mwachie konda

"Bosi, nafasi ipo, sogea nyuma!" Ipo kweli, na kuna sababu ipo. Siti za nyuma kabisa kwenye daladala au matatu ziko nyuma ya ekseli, na ndizo zinazorusha kuliko zote kwenye tuta. Uti wa mgongo wenye OI unaweza kubonyea kwa mrusho mmoja wa namna hiyo, na wewe ukadhani ni uchovu wa safari. Kaa katikati ya gari, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mgongo ukiwa wima, na kimto kidogo chini. Ndiyo, beba kimto. Watakaocheka watakuomba mkifika Morogoro.

Wakati wa kushuka, usiwaeleze kuhusu kolajeni. Sema kwa sauti: "Simamisha kabisa, nina mguu mbovu." Lugha hiyo kila konda anaielewa.

Bodaboda? Hapana. Najua barabara ya kwenu haipitiki kwa kingine, najua dereva ni mtoto wa jirani. Bado hapana, tafuta bajaji na umwambie dereva mapema kwamba unalipia mwendo wa polepole. Kwenye gari ndogo funga mkanda, hata siti ya nyuma, hata kama "tunafika hapo tu".

5. Adui anaishi bafuni

Kandambili zilizokwisha soli na sakafu yenye sabuni: hapo ndipo watu huvunjika nyonga, tena hata wasio na OI. Zitupe leo. Nunua ndara zenye soli ya mpira iliyochongwa, tandika mpira usioteleza, na mwite fundi akupigie mhimili wa chuma ukutani. Si kazi kubwa, fundi anayetengeneza grili za madirisha anaiweza. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, seremala anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu yake. Magoti na nyonga zako zitakushukuru, na heshima yako haipungui hata kidogo.

Ndoo ya lita 20 si yako tena. Jaza nusu, au tumia vidumu viwili vya lita 5, kimoja kila mkono, mgongo usiende upande. Mtungi wa gesi abebe aliyeuleta. Mbuzi ya nazi umwachie mwingine au tumia blenda, kwa sababu kukaa chini kabisa umejikunja huku unakuna kwa nguvu ni kuuonea mgongo. Umeme ukikatika, tochi iwe mkononi kabla hujasimama, kwa hiyo ilale karibu na mto. Na mkeka uliojikunja pembeni? Ubandike chini kwa gundi au uukunje uuweke juu ya kabati.

6. Saruji nzuri, nondo zilezile

Mfupa ni zege. Kalsiamu na madini mengine ndiyo saruji, kolajeni ndiyo nondo. Kwenye OI tatizo liko kwenye nondo: ama ni chache, ama zimesukwa vibaya. Ndiyo maana hakuna uji, unga wa ajabu wala chupa ya mtandaoni inayoponya OI, hata muuzaji akiapa. Lakini nondo dhaifu zikiongezewa saruji mbovu, si unaona nyumba inakoelekea?

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku. Kikombe kikubwa cha maziwa au mtindi kinakupa karibu 300. Dagaa wakavu (omena, ndugu zetu wa Kisumu) unawala na mifupa yao, na hapo ndipo kalsiamu ilipo, kwa hiyo acha kuwachambua. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine za kawaida. Sukuma wiki huachia kalsiamu yake vizuri kuliko mchicha, ambao una asidi inayoibana. Mchicha usiuache, ila usiutegemee.

Vitamini D ndiyo inayoingiza kalsiamu mwilini, na jua la ikweta halikusaidii kama unashinda ofisini au unajifunika mwili wote. Omba kipimo cha damu, uongezewe ikibidi kwa dozi ya daktari. Uzito nao uutazame: kwa mtu mfupi, kilo tano za ziada ni mzigo mkubwa magotini. Sigara sitaizungumzia. Unajua.

7. "Ongeza sauti" si uzee

Umeanza kuwaambia watoto waongeze sauti ya televisheni na una miaka 32? Usicheke ukapita. Takriban nusu ya watu wazima wenye OI hupungukiwa na usikivu, na mara nyingi huanza kwenye miaka ya 20 au 30. Mifupa mitatu midogo ya ndani ya sikio nayo ni mifupa, inaweza kuvunjika au kukakamaa, na mishipa ya kusikia nayo inaweza kuhusika.

Pima usikivu hata kama huna shida, upate kipimo cha kuanzia, kisha rudia kila baada ya miaka miwili au mitatu. Vifaa vya kusikia husaidia. Kuna pia upasuaji wa mfupa mdogo kabisa, ila kwa mwenye OI utafute daktari wa masikio aliyekwisha kuufanya mara nyingi. Wakati unasubiri miadi, kwenye mkutano kaa mahali unapoona midomo ya watu. Utashangaa ulikuwa unakosa umbea kiasi gani.

8. Meno si kifungulio cha soda

Baadhi ya wenye OI wana meno ya kijivu au kahawia yanayolika haraka. Si uchafu, ni kolajeni hiyohiyo. Daktari wa meno anaweza kuyavika kofia kabla hayajaisha. Miwa, mifupa ya mbuzi na vizibo vya chupa waachie wenye bahati. Na ukitaka kuanza zile dawa za mifupa za kidokezo cha 10, pita kwa daktari wa meno kwanza, jino la kung'olewa ling'olewe kabla.

9. Kifua kwanza, urembo baadaye

Hiki ukisome mara mbili. Matatizo ya kupumua ndiyo yanayoongoza kuondoa maisha ya watu wazima wenye OI, kuliko kuvunjika kwenyewe. Mgongo uliopinda na mbavu zilizobadilika umbo huyanyima mapafu nafasi, na pafu lililobanwa halina akiba siku ya nimonia. Chanja dhidi ya mafua na nimonia pale chanjo zinapopatikana. Kikohozi kikipita wiki mbili, usikiuguze kwa tangawizi. Jiko la mkaa litoke nje.

Jiangalie asubuhi: unaamka na kichwa kizito, unasinzia mchana, unakoroma hadi mwenzako amehamia sebuleni? Huenda hewa haikutoshi usiku, na hilo lina kipimo na lina tiba. Omba kupimwa uwezo wa mapafu, na ultrasaundi ya moyo hata mara moja, kwa sababu milango ya moyo na mshipa mkubwa unaotoka moyoni vina kolajeni pia.

Kuna dalili moja adimu ya kuikumbuka. Maumivu ya kisogo yanayozidi ukikohoa, pamoja na kupaliwa mara kwa mara, ganzi au kukosa uthabiti unapotembea, huweza kumaanisha kwamba fuvu linakandamiza sehemu ya juu ya shingo. Hapo usisubiri miadi ya mwezi ujao.

10. Uliza kabla ya sindano

Akina dada, hili si la kuahirisha. Ile sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu hupunguza uzito wa mifupa. Kwa wengi hurudi baada ya kuiacha, lakini wewe huna cha kukopesha. Mwambie muuguzi una OI, muangalie njia nyingine. Ziko nyingi.

La pili, steroidi. Deksamethasoni na prednisoloni huokoa maisha ya watu wenye pumu na magonjwa mengine, na kama daktari amekuandikia usiache ghafla. Ila zile za kununua kiholela ili unenepe, au "dawa ya asili" ya viungo inayofanya miujiza kwa siku mbili, huenda zina steroidi ndani. Miujiza hiyo mifupa huilipa.

La tatu, dawa za kuongeza uzito wa mfupa, familia ya bisifosfoneti. Ziko za vidonge vya kila wiki na za dripu ya mara moja kwa mwaka. Kwa watu wazima wenye OI huongeza uzito wa mfupa kwenye kipimo, lakini ushahidi kwamba zinapunguza kuvunjika haujakaa sawa, na zikitumika miaka mingi huleta hatari zake, pamoja na mvunjiko usio wa kawaida wa paja. Kwa hiyo muulize daktari maswali matatu: kwa nini mimi, kwa muda gani, na tutaacha lini? Mazungumzo hayo yana uzito zaidi ukikaribia kukoma hedhi, kwa sababu hapo kuvunjika huanza kuongezeka tena. Akina kaka msitabasamu, uzeeni huwafikia na ninyi.

Na diklofenaki ya kila siku kutoka duka la dawa? Tumbo na figo zina kumbukumbu nzuri.

11. Panga kuvunjika kabla hujavunjika

Sikuombei mabaya. Ila mwenye mpango hulia kidogo. Andaa mkoba mmoja nyuma ya mlango: kanga mbili, vipande vya boksi gumu au mbao nyembamba, dawa ya maumivu unayoijua, chaja, nakala ya ile karatasi, kadi ya bima na namba ya dereva anayepokea simu usiku. Kanga ndiyo kifaa bora cha huduma ya kwanza nchini: inaning'iniza mkono, inafunga mguu kwenye ubao, na inakusitiri wodini.

Ukivunjika, kiungo kifungwe kama kilivyo. Asitokee wa kukinyoosha. Vua pete kabla vidole havijavimba. Na hapa lazima niseme kuhusu mzee wa kuchua, anayeheshimika mtaa mzima na aliyemponya binamu yako: asikuguse kabla ya eksirei. Kukandwa kwa nguvu kunaweza kuugeuza ufa mdogo kuwa mvunjiko kamili. Mpe salamu, mpe kahawa, mkono usimpe.

Hospitali kubwa zenye mabingwa wa mifupa, mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam au KCMC Moshi, ndipo pa kuuliza kuhusu kuwekewa chuma ndani ya mfupa mrefu. Kwa OI, fimbo ya chuma inayopita ndani ya uwazi wa mfupa kwa kawaida hufaa kuliko bamba la kupigiliwa skrubu, kwa sababu mfupa huweza kuvunjika pale bamba linapoishia. Liulize hilo kabla ya kusaini. Na ukishaambiwa umepona, dai siku hiyohiyo karatasi ya kwenda fiziotherapia.

Maumivu mapya ya mgongo bila kuanguka nayo ni mvunjiko hadi picha iseme vinginevyo. Ukipata ganzi mapajani au ukashindwa kuzuia mkojo, nenda sasa hivi, hata kama ni saa tisa usiku.

12. Mapenzi yapo, ila mito iwe mingi

Wenye OI wanaoa, wanaolewa na wanazaa. Chumbani, mito ya kuegemeza nyonga na mgongo hufanya maajabu, na sentensi "hapo panauma, hamia huku" haijawahi kuvunja ndoa. Ongeeni mchana, mkiwa mmevaa.

Kuhusu watoto: kwenye OI nyingi, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu mtoto kurithi. Si nusu ya watoto wako wote kwa zamu, ni kila mimba upya. Ipo pia OI inayojitokeza kwa mtoto ambaye wazazi wote wawili ni wazima. Hakuna laana hapo, wala mimba "iliyochezewa", wala kosa la mama. Shangazi akianza, mpe sentensi hiyo kwa upole, kisha mwongezee chai.

Ukitaka kubeba mimba, anza na daktari kabla. Bisifosfoneti hukaa mifupani muda mrefu, kwa hiyo lazima mzungumze kuhusu lini kuziacha. Mwenye kifua kidogo anahitaji kupimwa mapafu mapema, kwa sababu mtoto naye atataka nafasi. Jifungulie hospitali yenye daktari wa usingizi, na kama kuna uwezekano mtoto ana OI, waambie kabla, wapate kumnyanyua kwa kiganja chini ya makalio na chini ya kichwa, si kwa kumshika kwapani wala vifundoni.

13. Dai kiti chako, kazini na msibani

Mpiga piano wa jazi wa Ufaransa, Michel Petrucciani, alizaliwa 1962 akiwa na OI. Hakufikia mita moja kwa urefu. Alitumia kifaa cha kumrefushia pedali, na hadi alipofariki 1999 alikuwa amejaza kumbi Ulaya na Marekani. Sikwambii ununue piano. Nasema alidai pedali. Wewe dai kiti kinachoegemeza mgongo, meza ya kimo chako, dawati la ghorofa ya chini.

Sheria iko upande wako. Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kenya, mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti cha msamaha halipi kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Wengi wenye OI nyepesi hawajisajili kwa sababu "mimi si mlemavu, navunjika tu". Nenda ukapimwe, waamue wao.

Msibani na harusini pia, usione haya kukataa mkeka. Mtume mpwa mmoja awahi kukushikia kiti cha plastiki, kisicho na ufa tafadhali. Na kwa wale wa kukupiga pambaja kwa nguvu baada ya miaka mitano, nyoosha mkono mapema ukiwa bado mbali. Mkono ulionyooshwa huheshimiwa.

Mwisho, watafute wenzako. Kila tarehe 6 Mei ni siku ya OI duniani, ilianzia Australia mwaka 2010, na watu huvaa njano, hujipiga picha na kuambiana habari za madaktari wazuri. Ni njia rahisi ya kumpata mwenzako wa mji uleule ambaye tayari anamjua fundi wa mhimili na daktari wa masikio. Kwa Dar es Salaam kuna tatizo moja tu: ukivaa njano, mtaa mzima utajua wewe ni Yanga. Kama ni Simba, vaa hivyohivyo, utaeleza ukishaketi.